Kitochi, mama mjamzito na programu zilizonenepa (Sehemu ya 3)

Swali mlilouliza sana ni hili: kwa nini simu iliyokuwa nyepesi miaka mitano iliyopita leo inaganda hata kufungua WhatsApp? Tupite kwenye historia kidogo, maana jambo hili linagusa uzazi.

Ndani ya simu kuna prosesa, ndiyo ubongo wake wa kupiga hesabu. Prosesa haichakai kama goti la bibi. Kinachoongezeka ni mzigo. Kila programu ikisasishwa inaongezewa video, matangazo na madoido, na mara nyingi anayeitengeneza ana simu mpya ya bei mbaya mkononi. Mwaka 1995 mtaalamu wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliandika kwamba programu zinakuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyoongezeka kasi. Ndiyo yanayotukuta.

Ila wapo walioanza na simu dhaifu. Novemba 2012 Wizara ya Afya na wadau wake walizindua Wazazi Nipendeni. Mama alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, akasajili wiki za ujauzito, kisha akawa anapokea meseji za wiki yake: kliniki, chandarua, dalili za hatari, maandalizi ya kujifungua. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160 tu. Kuhesabu wiki ilikuwa kazi ya kompyuta upande wa pili, kitochi kazi yake kupokea. Hata Facebook, Juni 2015, walitoa Facebook Lite kwa ajili ya simu ndogo na mtandao wa kusuasua. Ilianza ikiwa chini ya MB 1.

Wengine walifunga mlango. Baada ya 31 Desemba 2018 WhatsApp iliziacha Nokia za S40, zikiwemo Asha. Februari 2020 zikafuata Android 2.3.7 na za nyuma yake. Simu nzima, chaji inakaa, inapiga na kupokea, lakini kwenye grupu haupo.

Sasa nani anaumia? Ni yule mama wa Ukonga ambaye simu janja anatembea nayo mume, yeye kabaki na kitochi. Tukihamishia vikumbusho vyote vya kliniki kwenye magrupu ya WhatsApp, yeye ndiye wa kwanza kukosa tarehe ya chanjo.

Ndiyo maana naipenda m-mama, iliyozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Dharura ya mjamzito, aliyejifungua au kichanga, unapiga 115 bure. Kituo ndicho kinachotafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kazi nzito yote inafanyika kituoni. Simu yako inatakiwa kuita tu, na hiyo hata kitochi inaweza.

Kwa hiyo leo fanya haya. Simu janja ikiwa nzito, futa programu usizotumia na video za magrupu kabla hujakimbilia kununua nyingine. Kitochi usikigawe, kiwe na chaji usiku, hasa ukikaribia tarehe. Andika 115 ukutani, hata dada wa kazi aione. Na wewe unayesimamia grupu la wazazi, kumbuka wasio na WhatsApp: watumie meseji ya kawaida.

Nyumbani kwako nani anatumia kitochi? Niambie hapo chini.