Mzuka Namba Tano

Miaka kadhaa iliyopita nilihangaika siku mbili na mashine ya risiti iliyokuwa ikijizima kila karatasi inapokwisha. Wenye maduka walishatusema vya kutosha. Dereva yake, yaani ule msimbo unaokaa ndani ya kerneli na kuongea na kifaa, tuliiandika watu wawili. Mwenzangu aliongeza hali ya KARATASI_IMEKWISHA akaipa 7. Mimi, katika faili jingine, nikaongeza INAZIMWA, nayo nikaipa 7. Nilipoichungulia kwa gdb, programu ya kusakia makosa ndani ya msimbo, ikanijibu: hali = 7. Saba ipi? Gdb haikujua, wala haikuwa na pa kujulia.

Chanzo cha ujinga huo kiko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dennis Ritchie alipokuwa akiunda lugha ya C kwa ajili ya Unix. Mnamo 1972 au 1973 iliongezwa programu ndogo ya kuupitia msimbo kabla ya kompaila. Mmoja wa waliohimiza ni Alan Snyder. Mimi huiita kitangulizi. Mwanzoni kilijua kazi mbili tu: kuingiza faili ndani ya faili, na kubadilisha neno kwa neno kwa amri ya #define. Tena kilikuwa cha hiari. Faili lililotaka kupitishwa humo lilipaswa kuanza na alama ya reli (#).

Ukifungua Unix toleo la 6, la 1975, kwenye faili la proc.h utakuta hali za mchakato zimepangwa hivi: SSLEEP 1, SWAIT 2, SRUN 3, SIDL 4, SZOMB 5, SSTOP 6. SZOMB ni mzuka: mchakato uliokwisha kufa, lakini mzazi wake hajaja kuuliza habari zake. Kila jina lina #define yake na namba iliyoandikwa kwa mkono. Kitangulizi kikipita hufuta SZOMB na kuweka 5, na kompaila inapofika jina limeshazikwa. Sisi nasi saba zetu tuliziandika kwa #define, na ndiyo maana gdb yangu ilikuwa bubu. Haikuwahi kukutana na INAZIMWA maishani mwake.

Enamu, orodha ya majina ambayo kompaila yenyewe inaijua na kuipa namba, ilichelewa kuja. Haimo katika kitabu cha Kernighan na Ritchie kuhusu C, cha 1978. Iliingia katika lugha baadaye, na kiwango rasmi cha 1989 kikaithibitisha. Lakini mkono ulishazoea. Linus Torvalds alipotoa Linux 0.01 kutoka Helsinki mwaka 1991, enamu ilikuwepo, naye bado aliandika #define TASK_RUNNING 0, mpaka TASK_ZOMBIE 3 na TASK_STOPPED 4. Simlaumu. Aliyefundishwa na Unix aliandika kama Unix.

Badiliko ninalolipenda kuliko yote ni la 2008, katika Linux 2.6.26. Kila ukurasa wa kumbukumbu una neno moja la biti za alama: umefungwa, umechafuka, unatumika. Zamani ziliandikwa #define PG_locked 0, PG_error 1, PG_referenced 2, na kuendelea. Kwenye mashine za biti 32 nafasi zilikuwa haba, na alama isiyotumika kwenye mashine fulani bado ilikalia namba yake kama mgeni asiyeaga. Christoph Lameter akaigeuza orodha nzima kuwa enamu. Alama isiyohitajika ikirukwa, zinazofuata husogea zenyewe, na jina la mwisho, __NR_PAGEFLAGS, hubeba idadi bila mtu kuhesabu.

Hapo kikazuka kichekesho. Kitangulizi hakiijui enamu. Ukikiuliza __NR_PAGEFLAGS kwenye #if, kitakwambia sifuri bila haya. Na sehemu fulani za kerneli zilihitaji idadi hiyo hapo hapo. Basi likaandikwa faili la bounds.c: linakompailiwa kwanza mpaka asembli, namba inachomolewa humo, kisha inaandikwa kwenye faili jipya kama #define. Makro, yaani jina la #define, iliyofukuzwa ikarudi na mkeka wake.

Kichekesho cha pili kimo katika faili la in.h la Linux. Ndani ya enamu, chini ya IPPROTO_TCP = 6, kuna mstari huu: #define IPPROTO_TCP IPPROTO_TCP. Jina linabadilishwa kuwa lenyewe! Umewekwa hapo kwa ajili ya programu zinazouliza kwa #ifdef kama jina hilo lipo.

Sisemi kila makro iondoke. Namba zinazotoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa chipu mimi huziacha kwenye #define, maana si mimi niliyezipanga. Hali za dereva ni jambo jingine. Ile ya risiti niliigeuza enamu jioni ya siku ya pili. INAZIMWA ikawa 8 bila kuulizwa, na gdb ikaanza kunitajia majina.

Mwaka 2006 walimu wa MIT waliiandika upya Unix ya toleo la 6 kwa ajili ya wanafunzi, wakaiita xv6. Hali za mchakato humo zilikuwa enamu: UNUSED, EMBRYO, SLEEPING, RUNNABLE, RUNNING, ZOMBIE. Hakuna namba hata moja iliyoandikwa. Hesabu kuanzia sifuri: mzuka bado ni 5.