Tui la Kwanza Hutiwa Mwisho: Urithi wa Mapishi katika Pwani ya Waswahili

Neno mapishi lina maana mbili kwa pamoja, yaani kitendo chenyewe cha kupika na maarifa ya namna chakula fulani kinavyopikwa, na kwa karne nyingi hapakuwa na haja ya kuzitenganisha. Waswahili wa pwani walikuwa na maandishi yao kwa hati za Kiarabu, wakayatumia kwa tenzi, barua, mikataba na tiba, lakini jiko waliliacha nje ya karatasi, kwa kuwa lilikuwa na njia yake ya kurithisha.

Ukongwe wa baadhi ya vyakula vya pwani hauna shaka. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza wali uliopikwa kwa samli na kuwekewa kitoweo juu yake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya limau, tangawizi mbichi na maembe, mlo ambao mtu wa Lamu au Unguja hangeushangaa sana hata leo. Hata hivyo, muhogo, mahindi na pilipili kali ni mazao ya Amerika yaliyofika baada ya Wareno kuingia katika bahari hii, na mikarafuu ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 tu. Chakula kinachosifiwa kuwa ni cha mababu kwa kawaida ni cha mababu wa nyakati mbalimbali, waliokutana katika sufuria moja.

Maarifa hayo yalihifadhiwa kwanza katika vyombo na vipimo. Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na vinne vilifanya pishi, kwa hiyo mwenye kupika alijua kibaba kimoja cha mchele kinatosha watu wangapi na kinataka nazi ngapi. Maji ya wali yalipimwa kwa pingili ya kidole kilichosimamishwa juu ya mchele, kipimo ambacho kila mtu huzaliwa nacho na hakivunjiki. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, yaani kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno, kisha ikakamuliwa ndani ya kifumbu, mfuko uliosukwa kwa ukindu. Mkamuo wa kwanza, uitwao kasimele, hutoa tui zito ambalo huwekwa kando. Machicha huongezwa maji na kukamuliwa tena ili kupata tui jepesi. Mchele huivishwa kwa tui jepesi, na lile zito, ingawa lilitangulia kukamuliwa, hutiwa mwisho, kwa sababu likichemshwa mno hukatika na kuachana na mafuta yake. Kisha makaa hupaliwa juu ya mfuniko, wali ukauke taratibu na kuacha ukoko chini, ambao watoto huugombania. Mtoto aliyetumwa kukuna nazi leo na kukamua kesho alikuwa ameshajifunza nusu ya kazi kabla hajaruhusiwa kugusa mwiko.

Nani hasa alimfundisha nani ni swali linalohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa simulizi za kifamilia hupenda mstari ulionyooka kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Katika nyumba za wenye mali za Unguja, Mombasa na Lamu katika karne ya 19, kupika ilikuwa kazi ya watumwa, ambao wengi wao waliletwa kutoka bara, hadi pande za Ziwa Nyasa. Emily Ruete, aliyezaliwa Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 ameacha picha ya majumba ya kifalme yaliyotegemea watumwa katika kila shughuli. Bibi wa nyumba aliagiza na kuonja. Mjakazi ndiye aliyejua lini kitunguu kimefikia rangi yake na uzile, yaani bizari nyembamba ya pilau, utiwe kiasi gani. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, baadhi ya wanawake hao walibaki katika nyumba zilezile, na maarifa yao yakaendelea kuitwa kwa jina la ukoo wa wenye nyumba. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa urithi wa familia ni urithi wa jiko, uliopita kwa mikono isiyokuwa na undugu wa damu. Desturi ya somo au kungwi inakubaliana na jambo hilo: msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama yake, ambaye alimfunda mambo ya unyumba.

Shule zilileta njia nyingine. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na upishi ukawa somo darasani, ambalo baadaye katika shule za Tanzania lilijulikana kama sayansikimu. Vijiko, vikombe na gramu vikachukua nafasi ya kibaba, ingawa si kila mahali: hata sasa mapishi ya Kiswahili yaliyochapishwa hutaja unga kwa gramu kisha huandika “chumvi kiasi”, na kiasi hicho hakifafanuliwi popote.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi za Zanzibar zilihamia ng’ambo, na wengi walielekea Oman, hasa baada ya mwaka 1970, wakachukua mandazi na mchuzi wa nazi pamoja nao. Mbuzi na kifumbu havikuwa vya lazima tena huko, kwa kuwa tui lilipatikana kwenye kopo, likiwa zito lote kwa namna moja. Wapo wapishi wanaoligawa tui hilo mara mbili, wakalizimua nusu kwa maji na kulitia kwanza, na nusu nyingine wakaiacha ilivyo mpaka mwisho.