Shokamzoba za nyuma za pikipiki iliyoshushwa (Eastlands, Nairobi)

Pikipiki iliyoshushwa ni ile iliyopunguzwa kimo cha kiti ili miguu ya mwendeshaji ikanyage chini vizuri anaposimama. Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kama Kariobangi, Dandora, Umoja, Kayole na Donholm, kazi hii huombwa hasa na waendeshaji wafupi wa bodaboda, wanaosimama na kuondoka mara nyingi kwa siku wakiwa na abiria au mzigo mgongoni. Kushusha si kazi kubwa. Kinachopuuzwa ni kuzirekebisha shokamzoba baada ya kushusha, na hatari huanzia hapo.

Bodaboda za Kenya ziliongezeka kwa kasi baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizofikia cc 250, mwaka 2008. Nduthi, yaani pikipiki hizo, zilizojaa kwenye steji tangu wakati huo, zikiwemo Bajaj Boxer na TVS HLX, zina shokamzoba mbili nyuma, moja kila upande wa gurudumu. Kila moja ina springi nje na mafuta ndani. Springi hubeba uzito. Mafuta hutuliza springi isirushe pikipiki juu baada ya tuta. Chini ya springi kuna pete yenye ngazi, mara nyingi tano, inayozungushwa kwa spana ya ndoano.

Njia iliyo salama zaidi ya kushusha nyuma ni kufunga shokamzoba fupi kidogo zenye springi ya nguvu inayofaa. Vipuri vya aina nyingi hupatikana Kirinyaga Road, ambako wakongwe bado huita Grogan, lakini ufupi peke yake hautoshi: shokamzoba ya pikipiki nyepesi inaweza kuingia kwenye bolti bila shida na bado ikashindwa kumbeba abiria. Kukata springi ni kosa. Springi iliyokatwa hulegea gurudumu linaponing'inia, inaweza kukaa upande, na ncha yake kali hula kikalio chake.

Kila milimita inayotolewa kwenye urefu hutoka pia kwenye nafasi ya gurudumu kupanda linapopiga shimo, isipokuwa shokamzoba iwe imeundwa kubonyea hadi ufupi zaidi kabla ya kugota. Eastlands haisamehe upungufu huo. Sehemu kubwa ya upande huu wa jiji imekaa juu ya udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo hata lami huwa na mabonde. Ongeza matuta yanayojengwa na wakazi wenyewe kwenye njia za ndani ya mitaa, mengine makali kama ukingo wa ngazi, uone gurudumu linavyofanyishwa kazi.

Mafundi wengi husema kwamba kupandisha pete ngazi moja kunaifanya springi kuwa ngumu. Sivyo. Ugumu wa springi hutokana na unene wa waya, upana wa mizunguko na idadi yake, na pete haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Pete huinua tu sehemu ya nyuma, ili pikipiki ianze safari ikiwa na nafasi zaidi ya kubonyea. Kwa pikipiki iliyoshushwa faida hiyo ni kubwa, lakini ina mpaka: ukipandisha mno umerudisha kimo ulichotaka kukipunguza.

Kipimo cha ngazi inayofaa ni rahisi, na kinahitaji tepu na mtu wa pili. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka nati ya ekseli wima hadi alama kwenye fremu chini ya kiti. Kisha iteremshe, mwendeshaji akae kama anavyokaa kazini, mwenzake aishike kwa mbele, na upime tena palepale. Tofauti iwe robo hadi theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Kama mwendo uliobaki ni mm 75, kubonyea kuwe kati ya mm 19 na 25. Kukizidi, panda ngazi moja upime upya. Pete za kushoto na kulia zikae ngazi sawa daima. Kabla ya kuzizungusha zisuguliwe kwa brashi ya waya, kwa sababu matope yakikauka kwenye ngazi spana huteleza na kuumiza vidole.

Jaribio lisilopaswa kurukwa ni hili: fungua springi, rudisha shokamzoba bila springi, kisha inua gurudumu hadi ligote. Tairi lisiguse madigadi, wala nyaya za taa ya nyuma. Cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa mstari mmoja, kwa hiyo ihakikishwe kwamba bado ina ulegevu katika hali hiyo.

Mbele nako kushushwe kwa kiasi kinacholingana, kwa kupandisha mirija ya foki kwenye vishikio vyake. Nyuma ikishuka peke yake usukani huwa mzito na taa hupiga machoni mwa wanaokuja. Stendi ya pembeni nayo huwa ndefu kupita kiasi, pikipiki ikasimama karibu wima na kuangushwa na mguso mdogo. Ifupishwe na kuchomelewa upya.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu, lakini mzigo nao ni uzito. Mitungi minne ya maji ya lita 20 ni kilo 80 kabla ya kuhesabu plastiki, kwa hiyo anayechuuza maji apime akiwa amepakia, si akiwa mtupu. Pete ikifika ngazi ya mwisho na pikipiki bado inabonyea kupita theluthi, springi imechoka au haiufai mzigo huo. Dawa yake ni kubadilisha springi zote mbili kwa pamoja.