Riziki ya Wahusika: Rai za Watazamaji wa Tamthiliya za Televisheni Mjini Moshi

Rai ya mtazamaji juu ya tamthiliya aliyoiona usiku uliopita aghalabu huhesabiwa kuwa porojo ya kupitishia wakati, na wataalamu wa fasihi, ambao wameandika mengi na mazuri juu ya riwaya, utenzi na mchezo wa jukwaani, wameipita kama wapita njia wapitavyo kibaraza penye mazungumzo yasiyowahusu. Muradi wa makala haya ni kudai kwamba katika rai hizo, zitolewazo saluni, dukani, ndani ya daladala na hata misibani, mna tahakiki timamu, yenye vipimo vyake na hoja zake. Na kwamba kipimo kikubwa kuliko vyote mdomoni mwa watazamaji wa Moshi na vijiji vya mlimani, yaani swali la mhusika huyu anaishi kwa kazi gani, ndicho ambacho watungaji wetu wa leo wanapaswa kukitii, maana tamthiliya isiyoonyesha riziki ya watu wake hukosa sababu za matendo yao, na pasipo sababu hapana kisa.

Mtazamaji wa Moshi hakuanza kazi hii ya kuhukumu jana. Zanzibar ilipata televisheni yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilikaa takriban miongo miwili zaidi bila kituo hata kimoja, serikali ikiihesabu televisheni kuwa anasa isiyolingana na hali ya nchi. Walakini kwa kuwa Moshi, Himo na Rombo ziko karibu na mpaka wa Kenya, wale wachache waliokuwa na seti waliweza kuinua antena na kunasa matangazo ya ng'ambo ya mpaka, wakajifunza mapema kulinganisha mchezo na mchezo. Mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilifunguliwa Dar es Salaam, na miongoni mwao ilikuwamo ITV ya Reginald Mengi, mwana wa Machame, ambaye alizikwa huko huko kwao mwaka 2019. Televisheni ya Taifa ikafuata miaka michache baadaye. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Moshi, ving'amuzi vikaingia majumbani, na Desemba ya mwaka huo huo Azam TV ikaanza kazi. Tangu hapo tamthiliya za Kiswahili zimekuwa nyingi, na majina kama Huba na Jua Kali ya Leah Mwendamseke, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lamata, yamekuwa majina ya nyumbani kwa watu ambao hawajapata kuuona uso wa mtunzi yeyote wa riwaya.

Sasa na tulitazame swali lenyewe kwa karibu. Katika tamthiliya moja ya siku hizi, ambayo haina haja ya kutajwa kwa kuwa aibu yake ni ya wengi, alikufa baba mwenye nyumba kubwa, na kamera ikaonyesha wanawake waliovaa nguo nyeusi zilizopigwa pasi wakilia sebuleni, kisha kaburi, kisha ugomvi wa warithi. Nilikuwa nimeketi katika duka la vitambaa huko Kiboriloni, na akina mama waliokuwa wakitazama nami hawakulia hata kidogo, mmoja aliuliza, "Mbona msiba huu hauna daftari?" na mwenzake akaongeza, "Na nani anapika?" Ajuaye misiba ya Kilimanjaro atatambua uzito wa maswali hayo mawili. Marehemu hurudishwa kijijini akazikwe katika kihamba, yaani shamba la ukoo, cha wazee wake, turubai hufungwa, wanaume hukata kuni, wanawake humenya ndizi, na mahali panapoonekana na wote huwekwa meza, juu yake daftari ambamo huandikwa jina la kila mtu na kiasi cha rambirambi aliyotoa. Daftari hilo ni kumbukumbu ya deni na heshima, maana litafunguliwa tena siku mtoaji atakapofiwa yeye mwenyewe, na aghalabu humo ndimo ugomvi wa warithi huanzia, pale inapojulikana ni mtoto yupi aliyeleta jeneza na yupi aliyekuja mikono mitupu. Mtungaji aliyeliacha daftari aliuacha mlango ambao ugomvi wake ungepitia kuingia nyumbani, akalazimika kuuingiza kwa dirisha, kwa barua ya siri iliyookotwa chini ya godoro.

Watu wengine watadhani kwamba watazamaji hawa wanadai picha halisi ya desturi zao na kukataa kila kisicho cha kwao. Dalili hazisemi hivyo, kwa sababu tamthiliya za kigeni zilizopendwa sana nchini mwetu zilikuwa za watu wa mbali kabisa. Isidingo ya Afrika ya Kusini, iliyoonyeshwa na ITV kwa miaka mingi, ilijengwa juu ya mji wa kubuni wenye mgodi wa dhahabu, na mtazamaji alijua tangu mwanzo nani hushuka shimoni, nani husimamia na nani humiliki, kiasi kwamba mapenzi na hiana za watu wale zilikuwa na ardhi ya kusimamia. Mwaka 2011 kituo cha taifa, TBC, kilionyesha tamthiliya ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, habari za Doudou na mama wakwe zake, na umaarufu wake ulifika mbali hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba aliyoitoa Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Doudou alikuwa muuguzi, na taabu zake na wakweze zilitoka moja kwa moja katika zamu zake, udogo wa makazi na uhaba wa fedha, mambo ambayo muuguzi wa hospitali ya KCMC anayeishi na mama mkwe huko Rau huyafahamu bila mfasiri. Ama Sultan, tamthiliya ya Kituruki ya enzi ya Suleiman ambayo Azam TV iliitia sauti za Kiswahili, yaonekana kwa juu juu kuwa ya fahari tupu. Lakini ukiiangalia kwa makini utaona kwamba humo kila cheo kina kazi yake na kila kazi ina ujira wake, kwamba mhusika Ibrahim alianza utumwani na kupanda hadi uwaziri mkuu, na kwamba ushindi wa Hürrem, kipenzi cha Suleiman, hupimwa kwa chumba alichopewa, kwa mfuko wa dhahabu na kwa idadi ya watumishi. Hata jikoni mwa jumba la kifalme kamera huingia. Fahari ya namna hiyo huaminika, kwa kuwa mtazamaji ameonyeshwa gharama yake.

Kwa upande wa kazi zetu wenyewe, mfano ulio bora ni Siri ya Mtungi, iliyotengenezwa na shirika la MFDI kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kwa fedha za msaada wa Marekani, ikaonyeshwa kuanzia mwaka 2012. Ilikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya VVU, na kwa desturi kazi zenye kusudi la namna hiyo huwa na sauti ya mhubiri. Lakini hii ilipendwa, na sababu ya kupendwa kwake, kwa rai yangu, ni kwamba Cheche, kijana mpiga picha wa Bagamoyo, alikuwa mtu mwenye kazi. Tulimwona na kamera yake na wateja wake, tukajua kwamba udhaifu wake kwa wanawake ulipata nafasi katika ile ile kazi iliyomlisha mkewe, na kwa hiyo somo la afya halikuletwa kutoka nje ya kisa, lilichipuka ndani ya maisha ya mtu tuliyemjua anavyopata na anavyotumia.

Tamthiliya nyingi za kila juma za sasa zimeiacha njia hiyo. Tunaonyeshwa nyumba yenye geti la umeme, magari mawili ya thamani na kochi la ngozi, na mwenye nyumba husema katika simu kwamba ana kikao. Kikao cha nini, na nani, na juu ya mali gani, hatuambiwi hata baada ya sehemu mia. Insafu yataka tuseme kwamba sababu za upungufu huu si uvivu peke yake. Nyumba moja ikikodiwa, maonyesho mengi huchukuliwa humo kwa siku chache, ilhali kiwanda, soko au hospitali huhitaji vibali, watu wengi na muda. Na mtayarishaji aliyefungwa na mkataba wa kupeleka sehemu kadhaa kila juma hukimbilia sebule. Lakini kuijua sababu si kuyafuta madhara. Mtu asiye na kazi hawezi kufilisika, kukopa, kudhulumu wala kudhulumiwa kwa njia inayoeleweka, na kwa hiyo mtungaji, akiwa ameziba chemchemi zote za matukio, hubaki na sumu, ajali ya gari, mtoto wa siri na mganga wa kienyeji, ambavyo huvitumia kwa zamu. Hapo ndipo watazamaji husema stori inavutwa, na neno hilo la lawama nimelisikia Majengo na Marangu kwa maana moja: kwamba matukio yanaongezwa bila ya kuzaana.

Yupo atakayepinga kwa kusema kwamba mtu aliyeshinda juani katika soko la Memorial akiuza mitumba, au aliyeteremka mlimani na mizigo ya watalii mgongoni, akirudi nyumbani jioni hataki kuonyeshwa kazi tena. Anataka marashi, dhahabu na mapenzi. Hoja hii ina haki yake, na sithubutu kumnyima mchovu raha yake. Hata hivyo watu hao hao ndio wanaouliza bei ya kochi. Raha ya fahari haipunguzwi na kujua ilikotoka. Huzidi, kwa sababu mtazamaji hupata kuitamani kwa akili na kuiogopea isianguke. Wala isidhaniwe kwamba kuhesabu riziki ni tabia ya kigeni iliyoletwa na riwaya za Ulaya. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitia katika utenzi mwaka 1913, shujaa mwenye nguvu zipitazo za kawaida hakuokolewa gerezani kwa muujiza: mamaye alimpelekea mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake, kwa kuwa walinzi walikuwa na desturi ya kuzuia chakula kizuri wakakila wenyewe, na mkate wa makapi hawakuutamani. Kisa kizima kimening'inia katika tofauti ya unga na wishwa, na katika kujua askari hula nini. Mtungaji wa kale aliyejua hivyo alikuwa karibu zaidi na yule mama wa Kiboriloni kuliko walivyo karibu naye watungaji wengi wa leo wenye kamera na taa.

Nami naongeza kwamba Kilimanjaro, kwa kutotazamwa na watungaji ila kama mandhari ya theluji, ni hazina iliyolala. Kihamba kidogo hugawanywa vizazi kwa vizazi hadi hakitoshi. Mila humpendelea mwana wa kwanza na kumwachia kitinda mimba nyumba ya wazazi, ilhali Sheria za Ardhi za mwaka 1999 humpa mwanamke haki sawa. Ndugu walioko Dar es Salaam na Arusha hurejea Desemba, na katika siku chache za mbege na nyama huamuliwa mambo ya mwaka mzima. Kahawa iliyoujenga ushirika wa KNCU mwaka 1933, ikasomesha watoto wa vijiji vyote, leo hung'olewa mahali pengi yakapandwa mazao mengine. Zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa mlimani, huweza kuwagombanisha majirani wanaosali kanisa moja. Mambo haya yote ni mapenzi, hiana, tamaa na msamaha, ila yamevaa nguo za kazi. Badala yake Mchaga aonekanaye katika vichekesho vyetu ni mtu wa lafudhi nzito aulizaye bei ya kila kitu ili achekwe. Wengi mlimani huudhika kwa mzaha huo, nami naudhika pamoja nao, maana swali analochekwa nalo ni swali la busara, na tamthiliya ingelichukua kwa uzito wake ingepata kwalo uti wa mgongo.

Basi yanayotakiwa ni machache na yanawezekana. Mtungaji, kabla ya kuandika sehemu ya kwanza, na aandike kwa kila mhusika mkuu anachopata, anachodaiwa na anayemtegemea, hata kama hesabu hiyo haitasomwa kamwe mbele ya kamera. Mtayarishaji, akikosa uwezo wa kukodi kiwanda, na achague wahusika ambao kazi zao zaweza kuonyeshwa kwa gharama ndogo, kama vile mshona nguo, mwenye genge, fundi redio, mwalimu. Wanataaluma wa vyuo vikuu vilivyoko hapa Moshi nao wazikusanye rai za watazamaji kwa utaratibu ule ule ambao watangulizi wao waliutumia kukusanya ngano na methali, na wazisome kwa heshima, kwa kuwa hao wanaotazama ndio wanaolipia king'amuzi kwa fedha waliyoichuma wenyewe, na mtu anayejua kila shilingi yake ilikotoka ana haki ya kumuuliza mhusika wa tamthiliya swali hilo hilo, na ana haki pia ya kuzima televisheni asipojibiwa.