Vioo Katika Matumbawe: Makaburi ya Tongoni na Kazi ya Waashi Wake

Atokaye Tanga mjini kwenda Pangani kwa njia ya pwani, bahari ikiwa upande wake wa kushoto, hupita Tongoni kabla ya kufika Kigombe. Hapo pana magofu ya msikiti wa karne ya 15 usio na paa, na kando yake makaburi yapatayo 40, mengi yao yaliyojengwa kwa nguzo. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Pwani hii iliitwa Mtangata zamani, na Wareno waliijua mapema mno kwa hasara yao. Aprili 1498 merikebu ya São Rafael, katika msafara wa Vasco da Gama, ilikwama juu ya miamba yake. Januari 1499, mabaharia walipokuwa wamepungua kwa maradhi hata hawakutosha kuendesha merikebu tatu, waliichoma moto papa hapa. Mji waliouona kutoka majini haukuwa gofu.

Hayo yameandikwa mara nyingi. Jambo nitakalo kulisema linahusu vishimo. Katika nguzo na kuta za makaburi haya mna vishimo vya mviringo ambavyo mgeni asiyeambiwa hudhani ni uharibifu wa mvua. Sivyo. Kila kimoja kilikuwa makao ya bakuli au sahani iliyong'aa, iliyopachikwa na mwashi wakati wa kujenga, uso wake ukitazama nje. Leo vyombo vyenyewe vimebanduliwa, nasi tumebakiwa na macho yasiyo na mboni.

Ili kujua kilichopotea yatupasa kuuliza chombo kile kilikuwa kitu gani. Kaure ni udongo uliochomwa na kuvikwa kioo. Mfinyanzi wa Uchina alikoroga majivu na mawe yaliyosagwa katika maji, akakichovya chombo humo, kisha akakitia tanurini mpaka ule uji ukayeyuka na kuwa ngozi ya kioo. Rangi ya kijani iliyopendwa sana pwani kwetu ilitokana na chuma kidogo kilichomo katika mchanganyiko huo, na siri yake ilikuwa hewa: tanuri likinyimwa hewa, chuma huleta kijani cha maji ya bahari yasiyo na kina, likiachiwa hewa nyingi, rangi hugeuka kuwa ya manjano au ya hudhurungi. Basi sahani iliyofika Mtangata kwa pepo za kaskazi, baada ya kupita mikono ya wafanya biashara wengi, ilikuwa imeumbwa kwa maji na hewa kabla haijaonana na bahari yetu.

Lakini mwashi wa hapa naye alikuwa na elimu yake, na kwa maoni yangu haikupungua ile ya mfinyanzi. Alichimbua matumbawe laini kutoka majini na kuyachonga yangali mabichi, kwa kuwa tumbawe lenye maji hukatika kwa urahisi, na likikaa katika hewa huwa gumu. Kwa jiwe hilo alichonga mihrabu, miimo ya milango na kingo za makaburi. Matumbawe mengine aliyachoma kwa magogo akapata chokaa, akaizima kwa maji, akaipaka. Na chokaa ile huvuta hewa polepole mpaka ikarudi kuwa jiwe. Ndani ya chokaa mbichi ndimo alimokaza bakuli. Alikuwa na saa chache tu za kuliweka sawa, na akikosea hakuwa na jingine la kulibadilisha, maana lilitoka ng'ambo kwa bei kubwa.

Kwa nini alifanya hivyo? Wako wasemao kwamba ilikuwa fahari ya matajiri, na wako wasemao kwamba vyombo viling'aa ili kurudisha jicho la husuda. Huenda wote wana sehemu ya kweli. Lakini mtu asimame Tongoni asubuhi, jua linapotoka baharini, ndipo atambue sababu ya tatu ambayo vitabu huipita kwa haraka. Tumbawe na chokaa hunywa nuru, kioo huirudisha. Nguzo nyeupe yenye madoa ya kijani na buluu ilikuwa na kitu kinachobadilika kila saa, jua likipanda, wingu likipita. Hiyo ni kazi ya sanaa, na aliyeibuni ni mtu wa pwani hii, ingawa rangi zake alizinunua.

Richard Burton, aliyefika Tongoni mwaka 1857, aliona katika kaburi moja kigae chenye ngozi ya kioo na maandishi ya Kiajemi, ambayo aliyafahamu kuwa yanataja jua lenye kung'aa. Kigae hicho hakipo tena mahali pake. Ni ajabu kwamba katika makaburi yote haya neno lililosomwa na msafiri yule lilikuwa la nuru. Sitaki kulijengea nyumba neno moja, lakini siwezi kulisahau.

Tongoni haikuwa peke yake. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, nguzo ya kaburi ilitiwa sahani za Kichina za enzi ya Ming. Kilwa Kisiwani, katika Msikiti Mdogo wa Kuba wa karne ya 15, mabakuli yalipachikwa darini, juu ya vichwa vya wenye kusali. Huko jua haliingii ila kwa milango. Fundi aliupeleka mng'ao mahali penye kiza. Nadhani yule wa nguzo na yule wa kuba walikuwa wakijibu swali moja.

Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mwanachuoni wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alizuru pwani ya Tanganyika, akastaajabia wingi wa vigae vya kaure, akasema kwamba historia ya nchi hii tangu karne ya 10 imezikwa katika kaure za Uchina. Maneno hayo yalileta faida kubwa. Tangu hapo kigae kimekuwa kalenda: wataalamu hutazama umbo na rangi, wakataja karne, na kwa njia hiyo miji mingi isiyo na maandishi imepata umri wake. Walakini kalenda ilimficha fundi. Bakuli likisha kutaja tarehe, huwekwa sandukuni na kuandikwa kuwa la Uchina, na aliyelipachika katika nguzo ya Mtangata hatajwi hata kwa kabila ya kazi yake.

Wabanduaji walichukua vyombo, lakini hawakuweza kuchukua mipango yake. Chokaa hushika umbo la kitu kilichokazwa ndani yake ingali mbichi. Mahali ambapo mvua na mizizi havijala ukingo wa kishimo, upana wa bakuli waweza kupimwa bado, na kina chake, na umbali wake na kishimo cha pili; na zile nguzo zilizolala majanini zina upande ulioelekea chini, usiopigwa na mvua tangu zilipoanguka.