Uzunguni, Ushuani na Ukingo wa Msitu: Historia ya Mitaa ya Utulivu

Kiswahili kina njia fupi ya kugeuza jina la watu kuwa jina la mahali: huchukua mzizi, hutanguliza u- na kumalizia kwa -ni. Mzungu, Uzunguni, Mhindi, Uhindini, Mswahili, Uswahilini. Maneno haya matatu yameenea katika miji ya Tanzania, na Mbeya, kwa mfano, ina Uzunguni na Uhindini hadi leo. Mwanaisimu aweza kuyaorodhesha katika ukurasa mmoja wa mofolojia akaenda zake. Mwanahistoria hana budi kukaa nayo zaidi, kwani yalisema waziwazi jambo ambalo sheria ilijitahidi kutolisema.

Dar es Salaam ni ushahidi mzuri. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 haikugawa mji kwa rangi za watu bali kwa aina za nyumba: huku majengo imara ya mtindo wa Kizungu, kule nyumba za udongo na makuti. Waingereza walipopanga mji upya mwaka 1924 walifuata nyayo hizo, wakaweka kanda tatu kwa viwango vya ujenzi. Sheria ilipanga kuta. Watu wakapangika kwa kufuata kuta. Kati ya maduka ya Wahindi na Kariakoo kukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ambao wakubwa waliueleza kwa lugha ya afya. Kuanzia miaka ya 1930 Wazungu walianza kuhamia Oyster Bay, ng'ambo ya kijito cha Msimbazi, penye upepo wa bahari, bustani pana na barabara zisizo na maduka. Wenye lugha hawakudanganyika na istilahi za wapimaji ardhi. Palipokaa Wazungu paliitwa Uzunguni, basi.

Inafaa kuongeza hapa kwamba neno limezaa mwenzake. Vijana wa Dar es Salaam wa siku hizi, wanapotaja Masaki na Oyster Bay, husema "ushuani". Rangi imeondoka katika mzizi, lakini u- na -ni vimebaki mahali pake. Uswahilini nako hakukubadilishwa jina. Bado ni mahali pa kelele, pa vichochoro na pa majirani wanaojuana. Sarufi yaweza kuhifadhi mpaka ambao serikali imekwisha kuufuta.

Lakini utulivu huo ulitoka wapi? Ulitoka hospitalini kabla ya kutoka katika tamaa ya starehe. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Kutokana na ugunduzi huo wakoloni walichota hitimisho la ajabu: kama mbu hupeleka ugonjwa kutoka kwa Mwafrika hadi kwa Mzungu, dawa ni kumweka Mzungu mbali kuliko mbu awezavyo kuruka. Freetown, nchini Sierra Leone, walijengewa Wazungu mtaa wao mlimani, Hill Station, mwaka 1904. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika ya Mashariki kuchunguza hali ya afya, naye akapendekeza kila jamii ipewe kanda yake, na katikati paachwe ukanda usiojengwa. Miti, nyasi na nafasi tupu, vitu ambavyo leo huhesabiwa kuwa uzuri wa mtaa, vilipandwa au kuachwa vikiwa kinga dhidi ya jirani.

Hoja hiyo ilikuwa na tundu kubwa, nalo lilionekana tangu mwanzo. Kila nyumba ya Uzunguni ilikuwa na mpishi, mtunza bustani, yaya na mlinzi, na wengi wao walilala katika vyumba vya uani. Mbu wa Oyster Bay hakuhitaji kuruka mita mia tano. Alihitaji kuvuka ua. Hakuna mpango wa mji uliopendekeza Wazungu wajipikie. Ni dhahiri, basi, kwamba kilichozuiwa si damu ya Mwafrika bali nyumba yake, familia yake na ngoma yake.

Nairobi ilifuata njia hiyo kwa ukali zaidi. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914, na mtaa ukakua kuizunguka, kusini mwa msitu wa Karura. Waraka wa Serikali ya Uingereza wa 1923 uliacha utengano wa kisheria mijini, lakini wenye ardhi waliurudisha kwa mlango wa nyuma: masharti yaliyoandikwa katika hati za viwanja yalikataza kuuziwa au kupangishwa asiye Mzungu. Upande wa pili wa bonde ilikua Mathare. Mtu akisimama Muthaiga husikia Mathare, upepo ukiwa upande wake.

Habari ya Karura yastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana inapindua mambo. Msitu huo, wenye takribani hekta 1,000, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa kwa siri kwa wajenzi wa nyumba za kifahari. Ukaribu na msitu ulikuwa umepanda bei kiasi cha kuutishia msitu wenyewe. Mwezi Oktoba 1998 waandamanaji walichoma mitambo ya ujenzi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti, wakapigwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2009 wenyeji waliunda chama cha kuulinda msitu. Ndani yake walikutana wakazi wa majumba ya Muthaiga na Runda na watu wa Huruma, kijiji cha mabanda kilicho kando yake. Tangu 2011 yeyote alipaye kiingilio aweza kutembea humo. Ua wa umeme ungalipo, lakini sasa umeuzunguka msitu.

Katika Kongo ya Wabelgiji mpaka ulipimwa kwa mita. Elisabethville, uliojengwa kuanzia 1910, ulikuwa na ukanda mtupu wa mita 700 hivi kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika. Huko Léopoldville, mtaa wa Kalina, ambao leo ni Gombe, ulitengwa kwa bustani ya wanyama, bustani ya mimea na uwanja wa gofu. Kiswahili cha Kongo hakikuhitaji neno Uzunguni. Kilichukua maneno mawili ya Kifaransa, "ville" na "cité", kikayatia maana ile ile. Hata hivyo mkopo ulikwenda pande zote mbili. Neno "baraza" liliingia katika Kifaransa cha walowezi kama "barza", yaani ukumbi wa mbele ambapo bwana wa nyumba alipunga upepo jioni. Nyuma ya nyumba palikuwa na "boyerie", chumba cha "boyi". Ni ajabu ya lugha hii kwamba neno la Waswahili la mahali pa kuketi na wageni likawa jina la mahali ambapo mwenye lugha hakuketi.

Mfano ulio karibu zaidi na Butembo ni Bukavu, ambao kwa miaka mingi uliitwa Costermansville. Rasi zake zinazoingia katika Ziwa Kivu, hasa Muhumba na La Botte, zilijengwa vila zenye bustani zinazoshuka hadi majini, huku Kadutu ikiachiwa Waafrika mlimani. Jina Bukavu lenyewe husemwa kuwa latoka katika Kimashi, bu'nkafu, mahali pa ng'ombe: kiambishi cha mahali tena, safari hii kikiwatangulia wanyama waliohamishwa na vila. Baada ya 1994, wakimbizi na vita vilipoujaza mji, viwanja hivyo vilikatwakatwa, na miteremko iliyokuwa na miti ikabeba nyumba juu ya nyumba.

Vuhovi ina historia nyingine. Iko katika eneo la kichifu la Bashu, milimani kati ya Butembo na bonde la Semliki, na haikuwahi kuwa na Uzunguni wa kutajwa. Mwanahistoria Randall Packard, katika kitabu chake juu ya Bashu kilichotoka 1981, alionyesha jinsi Bashu walivyotenga ulimwengu wa boma na ulimwengu wa pori, wakiamini kwamba ustawi hutegemea kudhibiti kinachotoka porini. Kwa hiyo ukaribu na msitu haukuwa anasa. Ulikuwa jambo la kusimamiwa. Wabelgiji waliugeuza mpangilio huo: Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 na kupanuliwa hadi 1935, na katika miaka ya 1930 watu wa bonde la Semliki waliondolewa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Pori likawa tupu kwa amri, kisha likasifiwa kwa utupu wake.

Tangu Oktoba 2014, mauaji katika wilaya ya Beni yamebadilisha tena maana ya utulivu. Hali ya kuzingirwa iliyotangazwa na serikali mwezi Mei 2021 haikuyakomesha. Mashamba yaliyo ukingoni mwa msitu, yenye hewa safi na ukimya ambao Nairobi ungelipiwa fedha nyingi, yameachwa. Familia zimehamia Butembo na kupanga vyumba mahali ambapo redio ya jirani husikika ukutani. Kwa watu hao kelele ya usiku ni habari njema: majirani wapo, na wako macho. Mpangaji akitafuta chumba huuliza kwanza kama mtaa una watu wengi, kisha ndipo huuliza bei.