Silabi Iliyopotea Njiani

Mimi ni kijana wa Mbagala, nimemaliza kidato cha nne, na kama wengi wenu mnaosoma kurasa hizi nina daftari la riwaya chini ya godoro ambalo halijaonwa na mchapishaji yeyote. Kwa hiyo mtaelewa nilivyofurahi kualikwa nisome hadithi yangu kwenye baraza la waandishi chipukizi, lile linalofanyika usiku kwa video, kila mtu akiwa kwao. Dakika sita kila mmoja. Na mhariri mmoja ninayemheshimu sana alikuwa anasikiliza.

Hadithi yenyewe inaishia kwa neno moja. Binti amesimama stendi, mama yake anamuuliza atarudi lini, naye anajibu: "Sitarudi." Basi. Neno lile nililipigania wiki mbili. Nikalisoma kwa sauti ya chini, kama linavyotaka, nikanyamaza.

Mhariri akasema, "Safi sana, kijana. Hasa pale mwisho, binti anapomwahidi mama yake kwamba atarudi."

Kumbe bwana, silabi moja ilikatikia njiani! Wenzangu walisikia "...tarudi", na masikio yao yakajazia "ni" penye pengo. Nikafungua mdomo nisahihishe, picha ikaganda nikiwa nimeachama, zamu ikaenda kwa mwingine.

Nyumbani naishi kwa dada. Shemeji, ambaye kila kasheshe ya intaneti anaitupia baharini, akasema nyaya zimekatika tena. Hakuropoka: mnakumbuka Mei 2024, EASSy na SEACOM zilivyokatika kwa pamoja tukabaki tunatazama kiduara kinazunguka. Lakini usiku ule jirani alikuwa anaangalia mpira bila kukwama hata mara moja. Nikawapigia watoa huduma wetu. "Kaka, zima halafu uwashe." Nikazima, nikawasha. Zaidi ya hapo hakukuwa na msaada, na mimi nina ugonjwa mmoja: nikidhulumiwa nataka kujua dhuluma ile ilianzia wapi. Nikaanza kusoma.

Simu za zamani zilikuwa na ubinafsi. Watu wawili wakizungumza, njia yote ilikuwa yao, hata wakinyamaza. Mwaka 1964 Paul Baran, mhandisi wa taasisi ya RAND huko California, alichapisha maandiko yake juu ya mawasiliano yatakayostahimili vita vya nyuklia: ujumbe ukatwe vipande, kila kipande kijitafutie njia. Uingereza, Donald Davies alifikia wazo hilo hilo kivyake mwaka 1965, na ndiye aliyevipa vipande vile jina la pakiti. Waandishi wenzangu, hapa nilitabasamu. Kabla ya kulikubali neno lake, Davies aliwauliza wataalamu wa lugha kama lina ndugu katika lugha nyingine. Nasi tunalo, tena tulikuwa nalo kwenye sigara na biskuti!

Jambo lililonishtua ni hili: wavumbuzi hawakuahidi kwamba kila pakiti itafika. Fikiria unamtumia mtu wa Songea kitabu kizima, ukurasa mmoja mmoja, kila ukurasa kwa kondakta wa basi tofauti. Makondakta hawakuapii chochote. Wewe unaandika namba juu ya kila ukurasa, na ndugu yako akiona wa 7 haupo, unamtumia mwingine. Utaratibu wa namna hiyo, wa kuhesabu na kurudia, ndio walioupendekeza Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974, na hadi leo maandishi yetu mengi yanasafiri hivyo. Ila sauti ya mtu anayesema sasa hivi haiwezi kungoja ukurasa wa 7. Pakiti ikichelewa hutupwa, mazungumzo yanasonga. Ndiko lilikokwenda lile "si" langu.

Sasa njoo Oktoba 1986, mahali ambapo hakuna bahari wala nanga ya meli. Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley vimetenganishwa na mita zisizofika 400. Mtu angeweza kubeba barua mkononi na kurudi kabla chai haijapoa. Kati yao data zilikuwa zinapita biti 32,000 kwa sekunde. Ghafla kasi ikaporomoka hadi biti 40. Msomaji, biti 40 ni herufi 5! Hadithi yangu ya herufi elfu ishirini, ambayo ingepita kwa sekunde 5, ingechukua zaidi ya saa nzima kuvuka mtaa.

Waya haukukatika. Mashine hazikuharibika. Kilichotokea ni kwamba njia ilijaa, na mashine za njia panda zikaanza kutupa pakiti zilizokosa nafasi. Kila kompyuta isiyopata jibu ikadhani pakiti yake imepotea, ikatuma nakala. Nakala zikajaza njia zaidi, zikatupwa nyingi zaidi, zikatumwa tena. Ni kama daladala imekwama Kariakoo na kila dereva nyuma yake anaona dawa ni kupiga honi na kujipenyeza. John Nagle alikuwa ameonya juu ya mporomoko wa aina hii tangu mwaka 1984, lakini si tunajua maonyo yanavyosikilizwa.

Aliyelishughulikia ni Van Jacobson, mtafiti wa maabara ile ile, akisaidiana na Michael Karels wa chuoni. Mwaka 1988 walichapisha dawa yao, na mimi naihesabu miongoni mwa mambo ya busara yaliyopata kuandikwa. Mashine ianze kwa pakiti chache. Zikifika, iongeze. Pakiti ikipotea, isikazane: ipunguze sana, kisha ipande tena polepole. Maana yake, kupotea kwa pakiti kukaacha kuwa ajali tu, kukawa habari. Pakiti iliyokufa njiani ndiyo inayowaambia walio hai kwamba mbele kumejaa. Hakukuwa na trafiki wa kusimama barabarani. Kila kompyuta ilijizuia yenyewe, na mtandao ukapumua.

Mnaona mtego ulipo? Utaratibu huu unategemea pakiti kupotea kwa wakati. Miaka ikapita, memori ikawa rahisi, na watengenezaji wa vifaa vya nyumbani wakaona ni vibaya pakiti ya mteja kutupwa. Wakaweka mabohari makubwa ya kuzihifadhi zikisubiri zamu. Nia njema kabisa. Lakini foleni isiyotupa mtu haimwonyi mtu: kompyuta inaendelea kumimina, bohari linajaa, na kila anayekuja nyuma, hata awe na silabi moja tu mkononi, anasimama nyuma ya gunia zima. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi Mmarekani, alikuwa nyumbani kwake anahamisha mafaili, akaona pakiti zinachukua zaidi ya sekunde kwenda na kurudi, na nyingine hazirudi. Akafuatilia, akakuta ugonjwa huo wa foleni zilizovimba umejaa kwenye vifaa vya kila namna. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson yule yule wakatoa njia ya kuutibu: kifaa kipime pakiti imekaa foleni muda gani, na kikiona msongamano haushuki chini ya milisekunde 5, kianze kutupa chache kwa makusudi.

Kumbe huenda bahari ya Shemeji haikuwa na kosa. Nikachukua programu ndogo ya ping, aliyoiandika Mike Muuss wa maabara ya jeshi la Marekani mwaka 1983, akiuiga mlio wa nyambizi: unapiga ukelele, unangoja mwangwi. Kwanza niliipigia ruta yetu ya pale sebuleni. Milisekunde 3, hakuna kilichopotea. Waifai haikuwa na hatia. Nikapiga nje: milisekunde 60. Mwangwi safi. Saa mbili usiku nikarudia, saa ile ile ya baraza. Milisekunde 1,900! Kati ya 100 nilizotuma, zikarudi 91.

Nikageuka. Mpwa wangu alikuwa kochini, simu imechomekwa kwenye chaji.

"Unafanya nini, mjomba?" akaniuliza.

Simu yake, kila ikipata chaji na waifai, inapandisha picha na video zote za siku kwenda hifadhi ya mbali. Laini yetu kushusha ni pana, kupandisha ni kichochoro. Usiku wa baraza "Sitarudi" yangu ilikuwa imepanga foleni nyuma ya video ya paka.

Sikumgombeza, kosa la kifaa halimhusu mtoto. Ruta yetu ni ya bei nafuu, dawa ya Nichols na Jacobson haimo. Ila ina mahali pa kuweka kikomo cha kupandisha. Nikakiweka chini kidogo ya uwezo wa laini, ili bohari lisijae. Paka akachelewa kufika hifadhini. Mwangwi ukarudi milisekunde 75, zote 100.

Halafu nikamwandikia mhariri. Kwa maandishi, ambayo hurudiwa hadi yafike. Nikamweleza kwamba binti hakuahidi kitu, kwamba alisema "Sitarudi".

Alijibu kesho yake. Alisema aliposikia vile alimpigia mama yake simu usiku ule ule, walikuwa hawajazungumza tangu Pasaka. Akaomba nifikirie kuuacha mwisho kama alivyousikia.

Nimefikiria siku nne. Jana nimempelekea nakala ya kuchapwa, na neno la mwisho lina herufi nane, ya kwanza ni S.